Mfupa wa Nani, Daktari?

Leo nimeinua sakafu ya sainasi, yaani uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu, ya mama mmoja mtu mzima, na mabega bado yananiuma. Magego yake ya juu upande wa kushoto yaling'olewa zamani sana. Gego la juu likiondoka, mfupa hulika pande mbili: ukingo wa taya unapungua kutoka chini, na uwazi wa sainasi unashuka kutoka juu. Picha ya CT ilionyesha zimebaki milimita 3 tu. Kipandikizi cha titani cha milimita 10, kile kinachokuwa mzizi wa jino bandia, kingeshika wapi?

Njia ya kufungua kidirisha ubavuni mwa taya, kuuinua utando wa sainasi na kujaza mfupa chini yake, tunayo tangu miaka ya 1970, kazi ya Mmarekani Hilt Tatum. Boyne na James wakaichapisha mwaka 1980.

Ganzi ilipokolea nilifunua fizi, nikachonga mfupa taratibu kwa piezo, kifaa chenye ncha inayotetema kwa kasi, mpaka rangi ya samawati ikaanza kupenya. Huo ndio utando wa sainasi. Mara nyingi unene wake haufiki hata milimita 1. Ni kama ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya ganda la yai. Piezo hukata mfupa na kuuhurumia utando, lakini kuubandua ni kazi ya mkono. Naanzia kingoni, kifaa kisiachane na mfupa hata kidogo. Mama akivuta pumzi, utando unacheza. Hapo najua bado mzima, nami nashusha pumzi yangu.

Lakini kilichonikaa moyoni ni swali alilouliza wiki iliyopita, nilipomweleza kuwa nitajaza chembechembe za mfupa.

"Mwanangu, mfupa wa nani huo?"

Nikamwambia yote. Chembechembe zinazotumika sana ni za mfupa wa ng'ombe, uliosafishwa hadi yakabaki madini matupu. Utando wa kolajeni (aina ya protini) wa kufunikia kidirisha mara nyingi hutokana na nguruwe. Yeye ni Mwislamu. Na hapa Mombasa, Mhindu naye huenda akaukataa wa ng'ombe. Zipo chembechembe za kalsiamu fosfeti zinazotengenezwa kiwandani, na ipo kolajeni ya ng'ombe. Akachagua hizo. Fomu ya idhini inayosema "mfupa" na kuishia hapo inanikera kweli: kitu hiki kinakaa mwilini mwa mtu miaka na miaka, na daktari anapaswa kuitaja asili yake kabla hajaulizwa.

Kipandikizi chenyewe kitasubiri kama miezi sita. Kwa sasa asipenge kamasi kwa wiki mbili, akipiga chafya aachame, wala asinywe kitu kwa mrija, maana kufyonza kunavuta jeraha.

"Na dafu je?"

"Kunywa, mama, ila limiminwe kwenye glasi."

Binti yake amesema atamsimamia. Nyuzi nitazitoa baada ya siku kumi hivi.