Siku Baba Alipoona Maji Yakirudi

Kwetu Kibosho, juu ya mji wa Moshi, mtoto hujua zamu ya maji kabla hajajua kusoma saa. Mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia, unachota mto Karanga, unazunguka ubavu wa bonde na kuingia kihamba kimoja baada ya kingine, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Baba alikuwa msimamizi wake. Yeye ndiye aliyeamua nani kachelewa kwenye kazi ya kuzibua, nani kafungua maji usiku usio wake, na nani alete mbege, pombe yetu ya ndizi, kulipa kosa. Watu walimwogopa kidogo, mimi pia.

Februari 2009 kiangazi kilikuwa kikali, migomba ikakunja majani mchana kutwa. Wataalamu wa maji wakaja kwenye mkutano wa kijiji, na mmoja wao akachora mto wote ubaoni kwa chaki. Karanga unaingia Weruweru, maji yanafika Kikuletwa, halafu Kikuletwa na Ruvu inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo jina ni Pangani mpaka baharini. Akasema kule mwisho, mto ukipungua, bahari inapanda ndani yake. Watu wakaguna. Bahari ipande, ina miguu?

Baba hakuguna. Usiku ule, tukiota moto, aliniambia, "Nimegawa maji haya tangu hujazaliwa, na sijawahi kuona yanapoishia. Nipeleke."

Alikuwa na miaka sabini na moja na hajawahi kuiona bahari.

Tuliondoka stendi ya Moshi alfajiri. Same, Mombo, Korogwe. Kila tulipokaribia mto aliniuliza kama ndio wenyewe, na mara mbili ulikuwa wenyewe. Hale nikamwonyesha upande uliko mtambo wa umeme unaozungushwa na maji hayo hayo, akatikisa kichwa tu. Muheza tukabadili gari, tukakata mashamba ya mkonge kwa barabara ya vumbi, tukaingia Pangani jua likizama. Sikumbuki tulikula nini. Nakumbuka alilala na koti lake lote, kwa mazoea ya mlimani, na joto lile.

Asubuhi tulimpata mvuvi mmoja mtu mzima aliyekubali kutuzungusha kwa mashua yake ndogo. "Mmetoka bara, mzee mwenzangu?" akamuuliza baba. Baba akajibu kwamba anatoka mto unakotoka. Nahodha akamtazama sana, kisha akampa mkono kumsaidia kupanda.

Kwanza alitushusha mpaka mlangoni, mto unapoikuta bahari. Mkono wa kulia kilima cha Bweni kilisimama juu ya maji, kijani kibichi, na miamba imejitokeza chini yake. Kushoto mji wa Pangani ulikaa tambarare na nyumba zake za kale zilizobanduka chokaa. Mbele, mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mafungu ya mchanga, meupe, na mlio wake nadhani baba aliusikia kifuani kuliko masikioni, maana aliweka kiganja pale. Maji ya mto yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, yakaingia kwenye ya bluu, na katikati palikuwa na mstari wa povu ulionyooka kama uzi wa fundi. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini mahali pazuri kuliko pale bado sijapaona.

"Sasa yanapwa," nahodha akasema. "Mto ndio unaosukuma. Subirini kidogo, yatageuka."

Tukatia nanga. Kumbi la nazi lilitupita likielekea baharini, taratibu, kama linalotembea. Mbele yetu likapunguza mwendo. Likasimama. Likazunguka mahali pamoja kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, kisha likaanza kuja kwetu, likatupita upande wa pili na kuendelea juu, kuelekea ndani.

"Linarudi," baba akasema.

Hamuwezi kujua neno lile lilikuwa na uzito gani kinywani mwake. Mtu wa mfongo anajua jambo moja kuliko mengine yote, kwamba maji hushuka. Kazi yake yote imesimama juu ya hilo. Akikosea mteremko kwa unene wa kidole, kihamba cha chini kinakauka. Na sasa maji yalikuwa yanapanda mbele ya macho yake, mto mzima, bila kelele.

Nahodha akang'oa nanga, tukapanda na maji. Karibu hakupiga kafi. Mikoko ilisimama pande zote mbili, ile ya mchu ikiwa imechomoza vidole vyake kwenye tope, kaa wakikimbilia mashimoni, yangeyange weupe juu ya matawi. Nyuma ya mikoko kulikuwa na minazi, shamba baada ya shamba. Kila kona nahodha alichota maji kwa kata, akaonja, akatema. "Baridi bado," akasema.

Baba akatia mkono majini. "Lakini haya ni ya moto kabisa."

Ndipo tukafahamishwa kwamba watu wa pwani wakisema maji baridi wana maana ya maji yasiyo na chumvi. Tangu hapo baba naye akawa anaonja. Aliinywa kila kata aliyopewa, akaishika mdomoni na macho yamefumba, kama anavyoonja mbege ya kwanza ya msiba kabla ya wageni.

Mji ulipotea nyuma ya kona. Mikoko ikaanza kupungua, matete yakaonekana. Jua lilikuwa limekwisha kupanda sana nahodha alipoonja na asiteme.

"Hapa," akasema. Kisha akageuka, akanyoosha kidole chini tulikotoka, kwenye minazi miwili mirefu tuliyokuwa tumeipita kitambo. "Mama yangu alikuwa anachota pale. Kiangazi kama hiki, mtungi wa kunywa."

Baba aliitazama ile minazi. "Na chumvi hukolea mwezi gani?"

"Huu huu. Masika ikianza mto unapata nguvu, unaifukuza."

Hakuuliza tena. Nilijua anahesabu. Februari ndiyo sisi kule juu tunafungua kila mfongo, usiku na mchana, na bonde zima la Karanga linabaki mawe. Mimi nikamwambia kwamba katikati kuna bwawa, kuna mashamba makubwa, kuna watu maelfu, si sisi peke yetu. Yote hayo ni kweli. Akaitikia, "Najua," akaendelea kuitazama minazi mpaka mashua ilipogeuka.

Jioni, wakati wa kuagana, alitaka kumlipa nahodha zaidi ya tulivyopatana, naye akakataa. Walishikana mikono muda mrefu, wazee wawili wa mto mmoja.

Tulirudi Kibosho usiku wa siku ya pili, tumechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Zamu ya usiku ule ilikuwa yetu. Mdogo wangu alikuwa amemwagilia tangu mchana, na migomba ilikuwa imeshiba, maji yanajimwagia njiani bure kama yalivyozoea. Baba hakuvua hata viatu. Alichukua jembe, akaniita nimshikie tochi, tukapanda mpaka mahali mfongo unapoachana na mto. Akaziba mdomo wake kwa kipande cha mgomba, mawe na udongo, akakanyaga kwa mguu mpaka maji yakaacha kupenya. Kisha tukasimama pale gizani, tochi nimeizima, tukiusikiliza Karanga ukiteremka.