Mmoja kwa kila nyumba

Jana nilitembea kwa miguu kutoka Newlyn hadi Mousehole, kule Cornwall, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Barabara inaandamana na bahari mkono wa kushoto. Kabla ya kuingia kijijini, pale Penlee, unaikuta nyumba ya boti ya uokoaji, na mbele yake mteremko mkali unaoishia majini. Pembeni kuna bustani ndogo ya kumbukumbu. Nilidhani ningekaa dakika tano. Nilikaa mpaka nikaanza kutetemeka kwa baridi.

Kituo hiki kina historia ndefu kuliko nyumba yenyewe. Mji jirani wa Penzance ulijipatia boti ya uokoaji mwaka 1803, ya kwanza katika Cornwall yote, miaka 21 kabla ya kuundwa kwa RNLI, taasisi inayoendesha vituo vya namna hii kwa michango ya watu. Boti ile ya kwanza haikudumu; iliuzwa 1812. Baadaye kituo kikaanzishwa upya, kikahamia Newlyn, na mwaka 1913 kikaletwa hapa Penlee, ambako boti ingeweza kuteleza moja kwa moja hadi kwenye maji ya kina hata wakati wa maji kupwa.

Waliokuwa wakiteremka nayo ni wavuvi, mafundi, watu wenye kazi zao. Fataki za kuwaita zilipolipuliwa angani, mtu aliacha chakula mezani na kukimbia. Aprili 1947 manowari kuukuu Warspite, ikivutwa kwenda kukatwa vyuma chakavu, ilikatika kamba kwenye dhoruba ikapanda miamba. Nahodha Edwin Madron aliisogeza boti ubavuni mwa lile jitu la chuma akawatoa watu 8 waliokuwemo. Alipewa nishani ya fedha. Lishike hilo jina la Madron.

Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981 ndio ulionikalisha pale bustanini.

Meli ndogo ya mizigo, Union Star, ikiwa katika safari yake ya kwanza kutoka Uholanzi kwenda Ireland na shehena ya mbolea, ilizimikiwa na injini baada ya maji ya chumvi kuingia kwenye mafuta. Ndani yake walikuwemo watu 8, miongoni mwao mke wa nahodha na mabinti wawili wa mkewe. Upepo uliisukuma kuelekea miambani. Helikopta ya jeshi la majini ilijaribu mara kadhaa kuwanyanyua ikashindwa, kwa sababu mlingoti wa meli ulikuwa ukiyumba karibu na mapanga yake. Mawimbi yalifika mita 18.

Watu wa boti waliitwa. Walifika 12. Nahodha, Trevelyan Richards, alihitaji 7 wa kwenda naye. Kijana mmoja alikuja pamoja na baba yake, tayari kabisa. Richards alimchukua baba, akamkatalia mtoto: usiku kama ule hatachukua wawili wa nyumba moja.

Nimelifikiria neno hilo tangu jana. Mtu anayesema hivyo anaijua bahari anayoiendea. Hakuwadanganya wenzake kwamba watarudi, wala hakukataa kwenda. Katika dakika zile chache za haraka, mvua ikipiga, aliwaza ni nyumba gani itabaki na nani. Na mvulana yule alirudi nyumbani peke yake, akiwa amenyimwa nafasi aliyoitaka. Sijui neno la kumfariji mtu wa namna hiyo.

Saa 2:12 usiku boti Solomon Browne, ya mbao, urefu wa mita 14 hivi, iliteremka kwenye mteremko ule niliokuwa nikiutazama. Ndani yake alikuwemo fundi wa mitambo Stephen Madron. Lile jina la ukoo tena, miaka 34 baadaye. Alikuwemo pia Charlie Greenhaugh, mwenye baa ya kijiji, aliyekuwa amewasha taa za Krismasi za bandarini siku mbili kabla.

Walirudi ubavuni mwa meli tena na tena. Wakati mmoja wimbi liliibeba boti nzima na kuitupa juu ya sitaha ya meli. Ikateleza kurudi majini, nao wakageuka wakaenda tena. Baada ya saa 3:20 Richards alisema kwenye redio kwamba wameshawatoa 4. Hapo sauti ikakatika. Watu wote 16, wa meli na wa boti, walikufa. Rubani wa helikopta, Mmarekani aliyekuwa akitumikia jeshi la Uingereza kwa muda, alisema hajapata kuona ushujaa mkubwa kuliko ule.

Ndani ya siku moja watu wa Mousehole walikuwa wamejitokeza wa kutosha kuunda kikosi kipya. Michango ya fedha ilizidi pauni milioni 3. Serikali ilitaka kuzikata kodi, watu wakaghadhibika, ikaacha. Bado inaniuma kwamba lilifikiriwa hata kidogo.

Mwaka 1983 boti mpya ilipelekwa Newlyn, kwa kuwa ni kubwa mno kwa nyumba ya Penlee. Jina la kituo limebaki Penlee. Yule kijana aliyekataliwa aliendelea kujitolea, na miaka baadaye akawa nahodha wa boti hiyo.

Kila tarehe 19 Desemba, saa 2 usiku, taa za bandari ya Mousehole huzimwa kwa saa nzima, isipokuwa msalaba na malaika wawili. Nilipofika bandarini jana hapakuwa na taa zozote, si msimu wake. Mzee mmoja alikuwa akisuka upya kamba ya mtego wa kamba-koche. Nilimsalimu, akaitikia, nikasimama kando yake tukitazama maji.