Semina ya anga, na fimbo iliyokosa kivuli

Barua ya mwaliko ilitufikia wakati mbaya kabisa: katikati ya Oktoba, kidato cha nne wamebakiza wiki chache waingie kwenye mtihani, halafu unaambiwa uache vipindi uende Mbeya mjini kwenye semina ya sayansi ya anga. Mwenzangu wa hesabu aliniuliza kama nitarudi na roketi. Mkuu wa shule alisaini ruhusa, ila kwa shingo upande.

Wenzangu wa fizikia wanaijua hii mada. Kwenye muhtasari tuliozoea, astronomia imekaa mkiani mwa kidato cha nne, na wengi wetu tunaifundisha mbio mbio: majina ya sayari, mchoro wa kupatwa kwa jua, maswali mawili matatu ya mitihani iliyopita, tumemaliza. Kwenye jiografia nako mfumo wa jua upo kidato cha kwanza, na watoto wanakariri kwamba jua liko kilomita milioni 150 kama wanavyokariri tarehe za vita vya Majimaji.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya projekta. Galaksi (makundi makubwa ya nyota), nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), picha za darubini ya James Webb iliyoko angani. Nzuri sana, sikatai. Lakini mimi nafundisha mikondo yenye wanafunzi themanini, darasa halina hata soketi, na nilikuwa najiuliza hizo nebula nitawaonyesha kwa kutumia nini. Umeme ulipokatika kabla ya chai, nadhani si mimi peke yangu niliyeshukuru kimoyomoyo. Mwezeshaji, kijana ambaye wengi wetu tungeweza kumzaa, akasema, "Walimu wangu, mtanisamehe, twendeni tu nje."

Huko ndiko semina ilikoanza. Alisimamisha fimbo ya mita moja uwanjani, akainyoosha kwa timazi ya uzi na jiwe, akatupa misumari tuwe tunachomeka kila baada ya dakika kumi pale ncha ya kivuli inapofika. Ilipotimia saa sita kamili tukategemea kivuli kiishe. Wapi! Kilikuwepo, sentimita kumi na nne hivi, kimelalia magharibi. Mzee mmoja wa jiografia akasema fimbo imepinda. Timazi ikarudishwa, fimbo haijapinda. Tukaendelea kuchomeka misumari kwenye jua lile, mabishano yakiendelea, mpaka saa sita na nusu na dakika kama mbili. Hapo kivuli kikaisha. Kikaisha kabisa, fimbo imesimama juani haina kivuli.

Maelezo yake ni hesabu ambayo kidato cha pili wanaimudu. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haigusi Tanzania kabisa, iko huko baharini. Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua linatuchelewea dakika 46. Kisha katikati ya Oktoba jua huwa linatangulia saa kwa dakika kama 14, kwa sababu dunia hailizunguki jua kwa mwendo uleule mwaka mzima na mhimili wake umeinama. Toa 14 kwenye 46 unapata 32. Yule mzee alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo kengele ya shule miaka yote hii inatudanganya?"

Na Oktoba nayo haikuchaguliwa ovyo. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba likienda kusini, na mwishoni mwa Februari likirudi. Juni jua la mchana liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Michoro mingi tunayofundishia imechorwa na watu wa Ulaya wanaoona jua la mchana upande wa kusini mwaka mzima, nasi tukaibandika ubaoni bila kutoka nje kuangalia. Mwezi mwandamo vilevile. Kitabuni umesimama wima kama herufi C iliyogeuzwa, wakati jioni moja ya semina tuliuona umelala chali kama mtumbwi, na kila aliyewahi kuutafuta mwezi wa Ramadhani anajua hivyo ndivyo ulivyo.

Kazi ya mipira tuliyoipata hapo semina nimeshaifanya darasani mara kadhaa. Dunia ni mpira wa miguu, mwezi ni mpira wa tenisi. Mwambie mwanafunzi ausogeze mwezi mpaka umbali wake halisi. Wote husimama hatua moja au mbili. Umbali wenyewe ni mita sita na nusu. Ukiwauliza jua liko wapi kwa kipimo hicho, jibu ni duara lenye upana wa mita 24, na liko kilomita mbili na nusu kutoka hapo mlipo. Tangu hapo hizo milioni 150 zinaanza kuwa na uzito.

Siku ya safari tulipelekwa Ndolezi, Mbozi, kwenye kimondo kilichoanguka kutoka angani. Mimi ni wa Mbozi, nimepita barabara ile maisha yangu yote, na nilikuwa nimekiona mara moja tu, nikiwa mtoto. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu na makadirio ya tani 16, chuma asilimia 90 hivi na kilichobaki zaidi ni nikeli. Mwaka 1930, wataalamu walipotaka kukata kipande kidogo kwa msumeno, iliwachukua saa kumi nzima. Sumaku niliyotoka nayo maabara ilinasa pale pale, na walimu wazima, wengine na tai shingoni, wakapanga foleni kuijaribu.

Siku ya kufunga mgeni rasmi alihutubia kuliko tulivyosoma, vyeti vikatoka na majina yamekosewa, posho nayo ilikuja baadaye sana. Kinachoniuma zaidi ni kwamba waandaaji hawakutuachia hata kundi la WhatsApp. Tumelianzisha wenyewe, na sasa Songwe na Mbeya tunapima kivuli siku moja na kulinganisha majibu.

Jambo moja kwa mwalimu yeyote anayesoma hapa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona jua likipatwa na mwezi na kubaki pete, na mtaani kwetu nilishuhudia filamu za eksirei zikipokezanwa machoni, jambo la hatari sana. Tarehe 21 Mei 2031 pete hiyo itapita tena juu ya Tanzania. Miwani inayofaa ni ile yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua. Iingizeni mapema kwenye bajeti ya shule. Mkikosa, karatasi ngumu yenye tundu la pini inatosha: mgongo uwe juani, na mtoto aangalie taswira inayotua kwenye karatasi ya pili.