Keki ya harusi ya mtoto wa kaka: nilivyoamua na nilivyoifikisha Morogoro

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu usiku, saa tatu imeshapita. "Shikamoo shangazi. Kamati imekaa leo, wamesema keki upike wewe." Nikaitikia marahaba, nikamwambia anipe wiki moja ya kufikiria. Jibu hilo lilimshangaza. Napika keki za ubatizo na kipaimara tangu 2015, na nashukuru Mungu hakuna iliyowahi kurudishwa.

Wiki ile kila mtu alikuwa na la kunishauri, na mengi yalinikera. Jirani yangu mmoja alisema, "Keki ya ndugu haina presha, ikiharibika ndugu ataelewa." Si kweli hata kidogo. Mteja ukimharibia unamrudishia hela yake mnaachana. Ndugu mtakutana msibani, mtakutana Krismasi, na picha ya keki iliyoinama itakuwa imetundikwa sebuleni kwao. Mwingine akaniambia nikatae, nisichanganye kazi na undugu. Huyo hajui kwamba kaka ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Wala hakuna aliyeniuliza swali la maana: siku ya harusi, saa nane mchana, wewe utakuwa wapi?

Mimi ni shangazi wa bwana harusi. Kuanzia Ijumaa jioni natakiwa nyumbani kwa kaka napokea wageni, Jumamosi nimevaa sare niko kanisani pamoja na wazazi, na jioni nampokea bibi harusi. Nikiwa jikoni napaka krimu, nani anasimama pale pangu? Kwa hiyo nikampigia kaka nikamwambia: nitapika, kwa sharti kwamba keki ikamilike Alhamisi. Kama bibi harusi anataka keki ya kupambwa asubuhi ya Jumamosi, mtafutieni fundi mwingine, na mimi nitafurahi kuila.

La pili nililosema likaleta kelele kidogo kwenye kamati. Niliomba wanipe hela ya vifaa tu, na ufundi wangu uandikwe kwenye daftari la michango kama laki tatu. Mwenyekiti alitaka iwe "zawadi ya shangazi" halafu na kadi ya mchango niletewe vilevile. Nikakataa. Walikuwa wameshaulizia bei kwa fundi wa keki wakaambiwa kama laki nane, wakaziona zile hela zikihamia kwenye vinywaji. Daftari liliandikwa. Kama unapikia ndugu, lisemee hilo mapema, kabla hujanunua hata yai moja.

Sasa picha. Bibi harusi alinitumia picha ya keki nyeupe ya ghorofa nne, zimepandana, maua ya krimu yameshuka ubavuni kama mto. Keki nzuri kweli. Harusi ilikuwa Januari, na mimi naishi Tabata. Novemba nikaamua kuijaribu kwa ghorofa tatu, inchi 10, 8 na 6, sponji laini na krimu ya siagi halisi. Niliimaliza saa nne asubuhi, nikaiweka juu ya meza ya chakula, feni nimezima makusudi, nikavuta kiti nikakaa kuitazama.

Siagi haianguki ghafla. Kwanza inang'aa. Saa sita maua yalianza kuwa na mng'ao kama uso uliopakwa mafuta, kingo za petali ambazo zilikuwa kali kama karatasi zikawa butu. Saa saba kasoro waridi la juu kabisa likasogea. Nililiona likisogea, taratibu, likaacha njia nyuma yake mpaka likakaa kwenye bega la ghorofa ya pili. Moyo uliniuma, maana yale maua niliyakeshea.

Nilitaka pia kujua itavumilia safari au la, nikaipakia kwenye bajaji kuipeleka kwa wenzangu wa jumuiya. Tuta la kwanza salama. Tuta la pili nikasikia kishindo kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye godoro. Ghorofa ya juu ilikuwa imezama ndani ya ile ya kati mpaka nusu. Nilipoifumua nikaona kosa langu: niliweka vijiti vya kubeba uzito, lakini sikuweka kibao chini ya keki ya juu. Vijiti bila kibao havibebi kitu, vinatoboa tu. Jumuiya walikula kwa vijiko na wakasifu ladha, lakini mimi usiku ule nililala nimeshaamua kwamba hakuna kupandanisha.

Nilimpigia bibi harusi kesho yake. Nikamwambia, "Mwanangu, ile picha ni ya nchi ya baridi. Nitakupa keki nne, kila moja na stendi yake, zimepangwa kama ngazi, nyeupe, na utepe wa dhahabu." Alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Itapendeza, shangazi?" Nikamchorea, nikamtumia mchoro. Stendi mpambaji wa ukumbi anazo, anakodisha. Akakubali, na mpaka leo namshukuru kwa kuniamini.

Na keki yenyewe nikaibadilisha: ya matunda. Hapa ndipo kila kitu kilipokaa sawa. Keki ya matunda unaioka mapema na inazidi kuwa tamu. Haihitaji friji baada ya kupambwa, na hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu fondanti, ile sukari laini inayokandwa na kuvishwa keki kama shuka, ikitoka kwenye friji kwenda kwenye joto la Dar inatoa jasho. Jirani yule yule alikuwa ameniambia niipambe kisha niifungie kwenye friji "ikae salama". Nilijaribu kwa kikeki kidogo chenye utepe mwekundu. Nusu saa baada ya kukitoa, matone yalikuwa yamejaa juu yake na utepe umechuja rangi mpaka chini.

Bibi yake bibi harusi ni mlokole, hataki hata harufu ya pombe, kwa hiyo brandi haikuwepo. Nililoweka matunda kwenye chai ya rangi nzito iliyochanganywa na juisi ya machungwa, siku mbili, zabibu kavu kilo 4 na tende kilo 2, maganda ya machungwa, mdalasini, kungumanga. Asubuhi ya pili zabibu zilikuwa zimevimba mpaka zinateleza mkononi. Matunda ndiyo yaliyokula hela, zaidi ya nusu ya vifaa vyote.

Bati la inchi 12 la mraba lilitosha kwenye oveni yangu ya gesi kwa shida. Kwa moto mdogo lilikaa karibu masaa manne. Keki ya ukubwa ule pembeni inaungua kabla katikati hakujaiva, kwa hiyo bati lote nililizungushia karatasi ya kaki mikunjo miwili kwa nje, nikaifunga kwa uzi. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo kwa magazeti. Na jambo jingine alilonifundisha: isikilize keki. Ivute karibu, utege sikio. Ikiwa bado, utasikia inachemka ndani, chiri-chiri-chiri, kama mvua ya mbali juu ya bati. Ikiiva inanyamaza. Kijiti kinaweza kukudanganya kikipita kwenye zabibu, sikio halijawahi kunidanganya.

Nilizioka siku 12 kabla, nikazifunga kwa karatasi na foili, zikaingia kwenye friji. Jumanne nikazitoa zikiwa bado zimefungwa, nikaziacha hivyo hadi Jumatano. Jasho lote likabaki juu ya foili, keki yenyewe kavu. Jumatano nikapaka jemu iliyochujwa na kuvisha fondanti. Alhamisi saa kumi jioni nikafunga utepe wa mwisho, nikaenda kusukwa nywele.

Ijumaa tulipanda treni ya SGR. Kaka alitaka kututumia gari, nikakataa kwa sababu ya matuta na jua la barabarani. Chini ya saa mbili unafika Morogoro na hakuna mtikisiko. Tulikuwa watatu, mimi, binti yangu na mdogo wake bwana harusi, kila mtu kapakata boksi, lile kubwa lenye kilo zaidi ya tano nililibeba mwenyewe. Keki ilikuwa juu ya ubao wa plaiwudi aliokata fundi seremala wa mtaani kwetu, imegandishwa kwa aisingi, haikusogea hata kidogo. Mama mmoja kiti cha pili aliuliza tumebeba nini kwa uangalifu hivyo. Nilipomfunulia pembe kidogo alisema "Mungu awabariki maharusi," na nilijisikia vizuri safari nzima.

Kuzipanga kwenye stendi Jumamosi asubuhi kulichukua dakika ishirini. Saa nane nilikuwa kanisani, nimevaa kitenge changu, mikono mitupu.

Ukumbini jambo moja tu lilinitia hofu. Vijana wa chakula walianza kukata keki kubwa pembetatu, kama ya birthdei. Nikainuka mbio. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mraba wa inchi 12 ukiukata inchi moja kwa moja unatoa vipande 144, wa inchi 10 unatoa 100, jumla 244, na kadi zilikuwa 220. Nikawawekea karatasi niliyochora mistari, wakafuata. Kila mtu alipata. Zile mbili za duara, inchi 8, zilikwenda nzima, moja kwa wazazi wetu, moja kwa wakwe.

Wiki mbili baadaye simu ngeni ikaita. Alikuwa bibi yake bibi harusi. Alisema bado wanayo robo ya keki kwenye kopo, haijakauka, na wajukuu wamefichwa. Kisha akashusha sauti: "Mama, niambie kweli. Yale matunda umeloweka kwenye nini?"

"Chai, bibi. Chai ya rangi na machungwa."

"Haya," akasema. "Basi nakata kipande kingine."