Kuvutwa Pasipo Neno

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunasoma 1 Petro 3 nyumbani kwa mzee wetu wa kanisa. Kijana mmoja alikuwa anafuatilia kwenye simu, Biblia ya Kiingereza ya King James. Tulipofika mstari wa kwanza akacheka. "Mama zangu, mmeruhusiwa! Imeandikwa waume wasioliamini Neno watavutwa kwa conversation ya wake zao. Ongeeni tu!"

Wazee wakaguna. Mama mmoja akamtazama juu ya miwani. "Mwanangu, soma tena. Pasipo lile Neno."

Kijana alisoma Kiingereza cha leo, ambamo conversation ni mazungumzo, ila kilichokuwa mbele yake ni Kiingereza cha 1611. Wakati ule conversation ilikuwa namna mtu anavyoishi na watu. Imetoka kwenye Kilatini, conversatio, kukaa katikati ya wenzako. Hata mahakama za Uingereza, hadi 1857, zilimruhusu mume kumdai fidia mwanamume aliyezini na mkewe, na shauri hilo liliitwa criminal conversation. Hakuna aliyedhani wale wawili walikuwa wanapiga soga. Baadaye neno likateleza polepole, kwa kuwa watu wakikaa pamoja huzungumza, mwisho yakabaki mazungumzo matupu. Waliosahihisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 waliliondoa kwenye mstari huu, wakaweka behaviour, yaani tabia.

Biblia yetu ya Kiswahili inasema "mwenendo", na mimi nalipenda sana neno hili kwa sababu lina miguu. Ni kwenda. Paulo anawaambia Waefeso "mwenende kama inavyoustahili wito wenu". Katika Zaburi 50:23, pale tunaposoma juu ya mtu "autengenezaye mwenendo wake", Kiebrania kina derek, yaani njia.

Nadhani kilichoipata conversation kimetupata na sisi. Ukiuliza kama ndugu fulani yuko vizuri kiroho, utajibiwa kwamba anaomba mpaka madirisha yanatetemeka. Ni nani huenda kumuuliza Mangi wa dukani, mwenye daftari la madeni?

Yule mama alitueleza habari zake. Mumewe alikaa miaka mingi bila kukanyaga kanisani. Mwanzoni alimhubiria kila siku. Akifungulia mahubiri kwenye redio, mume anabeba kiti chake anahamia barazani. Kisha mzee akapata hasara, nyanya za gari zima ziliozea njiani, mzigo ambao mama alikuwa amemwonya asiununue. "Neno 'nilikuambia' lilifika hapa," akasema, akigusa koo. Akalimeza. Akamwekea maji ya kuoga, kesho yake akamletea akiba yake ya vikoba. Mzee hakuokoka siku hiyo. Baada ya wiki kadhaa aliuliza tu ibada huwa inaanza saa ngapi.

(Asitokee mtu wa kuuchukua mstari huu kumziba mdomo mwanamke anayepigwa. Msome mpaka mstari wa 7, mwone Petro anavyowageukia waume.)

Mimi nilikuwa nimekaa kimya wakati mama anasimulia, maana nilikuwa na la kwangu. Jumapili iliyotangulia nilitoka ibadani nikapanda daladala. Konda hakunirudishia chenji, shilingi mia mbili. Nikadai. Akasema subiri mzee, nakusanya. Sikusubiri. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sauti, abiria wote wakisikia, nikamwita mwizi. Na Biblia yangu ya zipu ilikuwa kwapani muda wote huo.

Konda hakujibu kwa hasira, afadhali angejibu. Aliitazama ile Biblia, akanitazama usoni, akauliza taratibu kabisa: "Mzee, leo mmefundishwa nini?"

Dada aliyekaa kando yangu akageukia dirishani. Konda akanitilia ile sarafu kiganjani, ina joto la mkono wake. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, nikaenda kwa miguu.