Portsmouth, mkwe wangu fundi wa majahazi, na majina ya waliozama

Barua imefika Jumatano na mpaka sasa ninapoandika damu inanichemka. Pauni 100, na nikilipa ndani ya siku 14 ni pauni 60. Kosa langu ni kuegesha gari bila kulipa kwa dakika kumi na mbili. Kioo cha mashine ya kulipia kilikuwa kimekufa, kibao kinasema pakua programu kwenye simu, na mtandao ukawa unazunguka tu. Mkwe wangu amekaa mbele kajikunyata kwenye koti zito, hajazoea upepo huu. Nikaona bora tuondoke tukatafute pengine. Kumbe kamera juu ya nguzo ilishatupiga tukiingia na tukitoka. Hata hizo 60 ni kama laki mbili za shilingi za kwetu, jamani, kwa kukaa ndani ya gari langu mwenyewe.

Nimeandika kupinga, nimekataliwa kwa mistari mitatu. Mnaopanga kuja huku, sikilizeni: barua hizi ni za aina mbili. Kuna ya halmashauri ya mji, na kuna ya kampuni binafsi kama hii yangu. Usiitupe yoyote kwa kudhani watasahau, maana huku hakuna anayesahau. Ile ya kampuni, ukiwapinga wakikukatalia, kuna chombo huru cha rufaa ambacho hakikutozi kitu. Huko ndiko ninakoipeleka, na picha ya ile mashine ninayo kwenye simu. Msiniambie "lipa yaishe", maana wanatajirika kwa watu wanaolipa yaishe.

Lakini siku yenyewe ilikuwa nzuri, na siwezi kuiacha hivihivi kwa sababu ya bahasha moja.

Portsmouth ni mji wa kisiwani, jambo ambalo hata watu wa London wengi hawalijui. Kisiwa kinaitwa Portsea, tambarare tupu, na stesheni ya Portsmouth Harbour imejengwa juu ya maji kabisa, ukishuka unaziona meli. Njooni na treni, mtembee kwa miguu. Mnara wa Spinnaker una mita 170 na umefunguliwa 2005. Unauona kutoka kila pembe, nao umejengwa kwa umbo la tanga. Mkwe wangu ni fundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja, kaja kwa viza ya matembezi ambayo mateso yake nitayaandika siku nyingine. Akautazama mnara akasema, "Tanga hilo limeshiba kusi." Hakutaka kupanda. Alitaka meli.

Basi nikampeleka kwenye Mary Rose. Meli hii ya vita ilizama Julai 19, 1545, wakipigana na Wafaransa, mfalme wake Henry VIII akiangalia kutoka ngome ya Southsea. Ilikuwa na watu wapatao 500, na waliookoka hawafiki 40. Ikalala topeni miaka 437 mpaka ilipoinuliwa Oktoba 1982. Umebaki ubavu mmoja, ule uliofunikwa na tope. Mwingine bahari imeula. Na hawakuiinua wakaiacha ikauke, kwa sababu mbao zilizolowa karne nne zingesinyaa na kupasuka. Waliinyunyizia maji baridi mfululizo, kisha kuanzia 1994 wakaongeza dawa ya namna ya nta inayoingia ndani ya mti na kushika nafasi ya maji. Mabomba hayakufungwa mpaka 2013. Miaka thelathini na ushee wanalowesha mbao!

Mzee alishika reli akaanza kuisoma meli kwa kidole. Mkuku ule, uti wa mgongo wa meli. Mataruma yale, mbavu zake. Angalia, mwanangu, mbao zimefungwa kwa vijiti vya mti. "Babu zetu walishona mtepe kwa kamba za nazi, hawa wakapigilia vijiti. Bahari imewafundisha wote." Halafu akauliza swali ambalo mimi, kwa miaka yote niliyokaa hapa, sijawahi kujiuliza: "Mafundi wanaoitunza analipa nani?" Nikamwambia ni tiketi, michango ya watu, na fungu la bahati nasibu ya taifa. Akatikisa kichwa polepole.

Pale karibu ipo HMS Victory, meli ya vita ya Nelson, kamanda mashuhuri wa wanamaji wa Kiingereza, iliyoshushwa majini 1765 na ambayo imekaa kwenye gati kavu tangu 1922. Sasa imefunikwa jukwaa zima, kwa sababu kuvu na wadudu wa mbao wameitafuna. Matengenezo yameanza 2022 na yamepangwa kuchukua miaka kumi au zaidi. Wengine wangeona ni hasara kutembelea meli iliyofunikwa. Mzee alikaa humo kuliko pengine pote. Fundi mmoja kijana alimwona anavyokodoa macho, akaja, akamwekea mkononi kipande cha mwaloni uliooza. Mzee akakifinya, unga ukamwagika. Kiingereza hana, kijana naye Kiswahili hana, lakini mzee alimwonyesha kwa mikono jinsi anavyoshika tezo na jinsi anavyokalafati, yaani anavyoziba mianya ya mbao kwa pamba, na yule kijana akaacha kazi yake akamsikiliza kwa adabu kama anamsikiliza mwalimu wake. Nilikuwa nimebana machozi. Kwao Nungwi watalii humpiga picha mzee huyu bila hata kumsalimu.

Na hapo ndipo uchungu ulipoanza, kwa sababu huwezi kuyaona haya ukiwa Mzanzibari usiikumbuke Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Forodhani. Imejengwa 1883 na Sultan Barghash. Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kwenye vita isiyofika saa moja, jengo la jirani likabomoka lakini yenyewe ikasimama. Ilistahimili mizinga ya watu hawa. Halafu Disemba 25, 2020, ikaporomoka upande mmoja, matengenezo yakiendelea, wakafa watu wawili. Kuvu ni ileile, mvua ni ileile, chumvi ni ileile. Wao waliwahi, sisi tulichelewa, na kuchelewa kwenyewe kulianza miaka mingi kabla ya siku ile. Msiniambie ni umaskini peke yake. Forodhani pale watalii wanapita kila siku na wanalipa kila kitu.

Tukatembea ufukweni mpaka Southsea. Hapo kuna mnara wa kumbukumbu ya wanamaji, nguzo ndefu ya mawe iliyozinduliwa 1924, na baada ya vita vya pili ikazungushiwa kuta nyingine. Kwenye bamba zake yamo majina zaidi ya 24,000, yamepangwa kwa mwaka na kwa cheo, na wote ni watu ambao kaburi lao ni bahari. Hulipi kitu, unaingia tu. Mzee alipita bamba moja hadi jingine, kidole juu ya herufi asizozisoma, akaniuliza huyu alikuwa nani, na huyu. Nikamsomea: baharia, mtia makaa, mpishi. "Hata mpishi?" Hata mpishi.

Akakaa kwenye ngazi. Akanihadithia usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, na watu wa Nungwi walivyotoka na ngalawa na mashua kuokota wazima na maiti. Mashua moja aliiunda yeye. Idadi ya waliopotea imebaki ubishi mpaka leo, kwa kuwa orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. "Tuliwavua," alisema, "wengine hatukujua hata tuwaite nani."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Nchi hii inaandika. Tabia ileile iliyohesabu dakika zangu kumi na mbili ndiyo iliyohifadhi jina la mpishi aliyezama 1916. Faini naipinga na nitaipinga mpaka mwisho, lakini siwezi kuwachukia kwa kuandika.

Mengine tuliyaona kwa haraka. Sanamu ya Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, ipo uwanja wa Guildhall tangu 2014. Alizaliwa mji huu 1812, na kwenye wasia wake alikataza asijengewe kumbukumbu. Na Round Tower, ngome ya zamani kwenye mlango wa bandari, unapanda bure na meli zinapita karibu mno. Kama una muda wa kitu kimoja tu na hutaki kutoa hata senti, panda hapo.

Kimoja lakini hakimo kwenye vipeperushi vya watalii. Southsea hiihii ndiko alikoishi Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, baada ya kupinduliwa Januari 12, 1964. Zaidi ya nusu karne, mpaka aliporuhusiwa kuhamia Oman 2020. Amefariki Muscat Disemba 30, 2024. Sifungui mjadala wa Mapinduzi hapa. Kila nyumba ya Unguja ina upande wake na machungu yake. Ninalosema ni kwamba wazee wa pande zote waliokuja mji huu wakapika biriani kwenye vyumba vya baridi, wakasomesha watoto na kuzika wenzao, wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyewaandika.

Kwa hiyo nawaomba mlioko Portsmouth, Southampton na kwingineko: mwenye picha za zamani za wazee wetu azipige kopi, aandike nyuma jina, mwaka na mtaa. Mwenye mzee anayekumbuka amrekodi kwenye simu wiki hii. Wa kwangu nimeshaanza naye. Jana usiku tulifika kwenye majina ya waliokuwa ndani ya ile mashua.