Turubai la Kikundi

Mwanza ardhi ikitikisika hakuna anayetazama chini. Tunatazama juu, kwenye mawe. Siku ile, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, nilikuwa uani kwangu Kirumba napeta mchele, ungo ukaanza kucheza magotini. Nikadhani ni kizunguzungu, maana nilikuwa sijala tangu asubuhi. Mara nikasikia vyombo vinagongana ndani na jirani anapiga kelele, "Jiwe! Tazameni jiwe!" Nyuma ya nyumba zetu kuna jiwe kubwa kuliko basi, limekaa juu ya jingine kama kofia iliyovaliwa upande. Halikusogea. Tuliendelea kulikodolea macho hata baada ya tetemeko kupita, mpaka watoto wakaanza kutucheka.

Jioni redio ikatuambia kwamba sisi tulipata salamu tu. Wenyewe walikuwa Kagera. Kipimo 5.9, nyumba zimelala chini Bukoba na Missenyi, shule za Ihungo na Nyakato zimebomoka. Hesabu ya waliokufa ilifika 17.

Mtaani kwetu habari ya Bukoba si ya mbali. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilizaliwa 1996, miezi michache baada ya MV Bukoba kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, tarehe 21 Mei. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mama zetu wakibeba ndoo za uji kuwapelekea watu waliokuja kutafuta ndugu zao, na magari yakielekea makaburini Igoma. Wanawake waliokoroga uji ule ndio waliofungua daftari. Kiingilio, ada ya mwezi, faini ya asiyefika msibani. Miaka 20 baadaye tulikuwa wanachama 43, tuna masufuria makubwa 6, viti vya plastiki 100 ukihesabu na vilivyovunjika, na maturubai mawili. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Asiyewahi kuwa kwenye kikundi cha namna hii anaweza asielewe turubai ni kitu gani. Likishafungwa, hata mgeni haulizi msiba uko wapi. Na ndilo linaloingiza hela, maana wenye kipaimara na wenye harusi wanalikodi. La bluu lilikuwa kuukuu, lina viraka. La kijani lilikuwa jipya, tumelichangia miezi saba, na mimi ndiye niliyekwenda kulinunua. Nililipima kwa hatua pale barazani mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kulihamia.

Kikao cha dharura kilikaa Jumatano. Huruma haikuwa tatizo, kila mtu alikuwa nayo. Akasimama mzee mmoja, fundi seremala, mtu asiyependa kusema. Akasema, "Waliobomokewa wanataka paa. Sisi paa tunalo. Tupeleke turubai moja, jipya." Akakaa.

Nikanyoosha mkono. Maneno yangu nayakumbuka yote, kwa bahati mbaya. "Mzee wangu, kwa heshima yako. Turubai ni mali ya kikundi. Kesho tukifiwa tutakaa juani? Na turubai moja litamsaidia nani, watu maelfu wale? Tukusanye nguo. Nguo zitajaza lori."

Nilipigiwa makofi. Mzee alitikisa kichwa taratibu, sikujua anakubali au anasikitika.

Siku tatu sebule yangu ikawa ghala. Mtu akiambiwa atoe nguo, hutoa kwanza zilizomchosha. Tulipata blauzi zisizo na vifungo, suti ya harusi yenye mabega kama mbawa za mwewe, sare za shule ambayo ilishabadilisha rangi, na viatu vya mchuchumio vya mguu mmoja mmoja. Mama mmoja alileta shela lake. Mfanyabiashara wa mitumba wa Mlango Mmoja alitupa nusu belo ya yale yanayobaki wateja wakishachagua, na humo mlikuwa na makoti mazito ya nchi za theluji, yana manyoya shingoni. Nilitoa mifuko miwili ya uchafu mtupu nikaichoma. Vilivyobaki nikavikandamiza kwenye salfeti kwa goti, nikijiambia mwenye shida hachagui.

Taslimu tulipata shilingi 612,000. Mwenye Fuso alitupa gari bure, lakini dizeli, nauli ya kivuko na chakula cha njiani vilikuwa juu yetu, na karibu pesa yote iliishia huko. Kilichonifurahisha ni akina mama wa dagaa wa Mwaloni. Walileta magunia matatu, safi, hayana mchanga, na hawakutaka kuandikwa majina. "Andika Mwaloni, inatosha." Salfeti za nguo zilitimia 14. Lori lilijaa kweli. Tukafunga bango ubavuni, tukapiga picha, na mimi nipo katikati.

Tuliondoka alfajiri, wiki mbili baada ya tetemeko. Siku hizi mtu anavuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, kabla hajamaliza kumenya chungwa. Sisi tulikaa kwenye foleni ya kivuko zaidi ya saa mbili, tunanunuliana mahindi ya kuchoma. Njia ya majini haikuwepo, maana MV Victoria, iliyokuwa ikilala safarini na kuamkia Bukoba, ilikuwa imesimama tangu 2014. Basi Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo. Muleba tulipokewa na mvua.

Bukoba tuliandikisha mzigo, dagaa wakabaki ghalani, na kesho yake mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Hamugembe akatupitisha kwake tugawe nguo. Nyumba ya tatu kuifikia ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa na wajukuu wawili. Ukuta wa mbele ulikuwa umeanguka wote, lakini mlango ulibaki umesimama na fremu yake, umefungwa kufuli. Wenyewe walikuwa kando, chini ya migomba, kwenye kibanda cha miti minne.

"Shikamoo, bibi. Pole sana kwa yaliyowapata."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Mmetoka wapi?"

"Mwanza, bibi."

"Asanteni kuja. Na ninyi mlitikiswa?"

"Kidogo tu."

Nikaishusha salfeti, nikaifungua mdomo aone. Akaingiza mkono akatoa koti, moja ya yale ya manyoya. Alilitazama ndani na nje, akalikunja vizuri, akaliweka kando. Akaingiza mkono tena, akatoa kiatu. Akakishika, ananitazama, anasubiri nimpe cha pili.

Sikuwa nacho.

Akakirudisha. Kisha akashika ukingo wa salfeti, akaupapasa kwa kidole gumba na cha shahada kama mtu anayenunua kitambaa. "Huu mfuko mtaondoka nao?"

"Hapana, bibi. Ni wako."

Basi akaupindua. Nguo zote zikamwagika juu ya majani makavu ya migomba. Hakuwa na dharau hata chembe, alizimwaga polepole kama maharage ya kuchambua. Akaukung'uta, akauinua kwenye mwanga kutafuta tundu. Akamwita mjukuu alete kisu, wakaupasua ubavuni ukawa kipande kipana. Hapo ndipo nilipoangalia juu ya kile kibanda. Paa lote lilikuwa salfeti, za sukari, za mbolea, za unga, zimeshonwa moja kwa nyingine kwa kamba ya katani. Upande wa kulala watoto palibaki pengo, na chini yake udongo ulikuwa umelowa.

"Mna mingine?" akauliza.

Tulirudi kwenye lori tukazimwaga zote zilizobaki kwenye bodi. Bibi alichukua nne, akasema zinatosha, nyingine tuwape majirani. Sindano yake ilikuwa moja, ile ndefu ya kushonea magunia, kwa hiyo kazi yangu ikawa kushika kingo zisiachane. Nilizishika kwa woga. "Vuta, mwanangu. Haichaniki." Nikavuta. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa ziwani, na mimi nilikuwa napiga hesabu ambayo sikuombwa, kwamba lile la kijani lingefunika kibanda hiki, na cha jirani yake, na bado lingebaki la kukinga jiko. Lilikuwa stoo Kirumba, limekunjwa, nimelipulizia dawa ya panya wiki iliyopita.

Yule mzee seremala tulikuwa naye. Alikuwa akichimbia mti wa tano, anaushindilia udongo kwa kisigino. Hakunitazama hata mara moja. Ningependa angesema neno.

Nyumbani niliitisha kikao mwenyewe. Nilisema turubai la kijani liende, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Wapo walionikumbusha hotuba yangu, neno kwa neno, na walikuwa na haki. Tulipiga kura ya kunyoosha mikono, likapita kwa tofauti ya mikono mitatu. Nikalikunja na yule mzee seremala, tukalifunga kwa kamba, nikalipeleka stendi ya Nyegezi kama kifurushi, na nauli yake nikatoa mfukoni kwangu. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa mtaa akapiga simu. Limefika, limefungwa, wanalala familia tatu.

Novemba tukafiwa. Mume wa mwanachama mwenzetu, pale pale nyuma, karibu na lile jiwe. La bluu lilifunika nusu ya waombolezaji. Sisi tuliobaki tulipeleka viti kwenye kivuli cha jiwe, na kivuli cha jiwe hakikai mahali pamoja. Kila baada ya muda tunainuka, tunabeba viti, tunasogea hatua mbili, tunakaa. Kwenye saa nane hivi, jua limetukalia utosini, mama mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni, "Mweka hazina, lile la kijani liko wapi leo?"

Nikainuka, nikasogeza kiti changu.